Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Msitu na Mto: Turudishieni Ukingo

Kwa:
Waheshimiwa madiwani na watendaji wa mji,
Wasimamizi wa msitu wa kupandwa,
Uongozi wa kiwanda cha kupasua mbao,
Mamlaka inayosimamia mto.

YAH: KUFUNGWA KWA UKINGO WA MTO NA NJIA ZA MSITUNI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Malalamiko yaliyomo humu yamekwisha kuwafikia kwa njia ya kawaida. Tumeandika, tumegongewa muhuri wa kupokelewa, tumekaa kwenye mabenchi ya masijala tukisubiri majibu. Ofisi ya mji inatuelekeza kwa wasimamizi wa msitu. Wasimamizi wa msitu wanatuelekeza kiwandani. Kiwanda kinatujibu kwamba mto si mali yake, na mamlaka ya mto inaturudisha ofisi ya mji. Ndiyo maana leo nawaandikia wote kwa pamoja, hadharani, kila mmoja akisoma alichoandikiwa mwenzake.

Naomba kwanza mjue nilikosimama. Mimi ni mtoto wa mpasua mbao. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye msumeno, na sijawahi kuona aibu kusema hivyo. Mji huu ulizaliwa kwa sababu ya magogo: mto uliyabeba, kiwanda kikayapasua, nyumba zikajengwa pembeni yake. Sidai kiwanda kifungwe wala miti isikatwe. Ninachodai ni kwamba msitu unaovunwa na mto unaotumiwa na kiwanda vinaweza kubaki wazi kwa watu wanaoishi kando yake, mradi pawe na utaratibu, na kuweka utaratibu ndiyo kazi mliyokabidhiwa. Mmechagua uzio na kufuli badala yake. Haya ndiyo yanayotuumiza.

1. Ukingo wa mto umegeuzwa stoo ya magogo

Uwanja wa magogo ulikuwa nyuma ya kiwanda. Ukasogea kidogo, ukasogea tena, na sasa uzio umefika majini. Pale palipokuwa na mchanga, maji mapana yasiyo na kasi na kivuli cha miti ya asili, leo pamerundikwa magogo yanayosubiri kupasuliwa. Wavuvi wa ndoano wamepoteza mahali pa kusimama. Wenye mitumbwi hawana pa kuishushia. Wazee waliokuwa wakishuka jioni kunyoosha miguu sasa wanatembea barabarani, katikati ya malori.

Katika jiji, mtu akifungiwa bustani moja huenda nyingine. Mji mdogo wa mbao hauna nyingine. Hatuna bwawa la kuogelea wala ukumbi wa michezo. Tuna mto na msitu, basi. Na mtoni ndipo mahali pekee ambapo mtoto wa meneja na mtoto wa mpakiaji walicheza pamoja bila mtu kuwauliza wametoka nyumba gani. Mtu anayehesabu eneo lile kwa idadi ya magogo linayoweza kubeba hajahesabu hilo, na sidhani kama amewahi kuulizwa alihesabu.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unatambua katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika, kucheza na kushiriki burudani zinazolingana na umri wake. Haki hiyo inahitaji mahali pa kutekelezwa. Kwa watoto wetu mahali hapo palikuwa ukingoni.

Kuna na hasara ambayo hata kiwanda kinapaswa kuiogopa. Ukanda wa miti na nyasi kando ya mto hushika udongo, hupunguza kasi ya maji ya mvua, huchuja tope kabla halijaingia mtoni na hufunika maji yasipate joto kali. Ukishauondoa ukaweka magogo mazito na mitambo ya kuyanyanyua, ukingo unaanza kumeguka. Uwanja mnaoupanua leo mtakuja kuudai mto uwarudishie.

2. Maranda, magome na vumbi la mbao vinaingia mtoni

Hapa naomba mnivumilie, maana hili ndilo mnalolipuuza kuliko yote. Tukilalamika tunaambiwa kwamba vumbi la mbao ni mti tu, na mti hauna sumu. Maneno hayo si ya kweli.

Vumbi la mbao likizama, vijidudu vinaanza kulila, na katika kulila vinatumia hewa ya oksijeni iliyoyeyuka majini, ile ile ambayo samaki wanaitegemea kupumua. Lundo likiwa kubwa, chini yake oksijeni inakwisha kabisa, maji yanakuwa meusi na gesi inaanza kububujika. Magome yanatoa utomvu na rangi ya kahawia, na baadhi ya kemikali za utomvu huo huwaua samaki wadogo. Chembe ndogo zinajaza nafasi kati ya changarawe, na samaki wanaotagia hapo mayai yao yanakosa maji yanayopita. Anayeogelea anakanyaga utelezi. Anayevua anavuta ndoano iliyoshika gome. Hii ndiyo hali ya maji chini ya kiwanda chetu, na yeyote kati yenu anaweza kuja kuiona.

Na si jambo jipya duniani. Katika karne ya 19, viwanda vikubwa vya mbao kwenye Mto Ottawa nchini Kanada vilimwaga vumbi lao mtoni kwa miaka mingi. Lilijikusanya likawa visiwa, na gesi iliyokuwa ikizalishwa chini yake ililipuka mara kwa mara, hata kuvunja barafu wakati wa baridi. Wenye viwanda walikuwa na utajiri na marafiki bungeni. Aliyewashinda alikuwa Antoine Ratté, mtu aliyekuwa akikodisha boti ukingoni. Aliwashtaki kwa sababu vumbi liliziba gati yake, wateja hawakuweza tena kuingia majini. Mabwana wa mbao, J. R. Booth miongoni mwao, walikata rufaa hadi Baraza la Rufaa huko London, lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa kwa Kanada wakati huo, na mwaka 1890 baraza hilo likakubali kwamba mwenye boti alikuwa na haki ya kudai fidia. Kesi hiyo ina zaidi ya miaka 130. Ikiwa wakati ule mtu wa boti alisikilizwa mbele ya matajiri wakubwa wa mbao wa nchi yake, kwa nini leo sisi tusisikilizwe?

Niongeze la afya. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Wanaokabiliwa na hatari kubwa zaidi ni wafanyakazi wanaolivuta kila siku, na hao ni ndugu zetu. Lakini lundo lililoachwa wazi bila kufunikwa hupeperushwa pia, na likikaa muda mrefu hupata joto kwa ndani na linaweza kuwaka lenyewe. Kama kiwanda kinatumia dawa ya kuhifadhi nguzo yenye shaba, kromiamu na arseniki, basi maji yanayotiririka kutoka mahali nguzo zinapokaushwa hayapaswi kufika mtoni hata tone. Tumeuliza kama dawa hiyo inatumika. Hatujajibiwa, na swali hilo lingeweza kujibiwa kwa sentensi moja.

Dawa ya haya yote inafahamika: ukuta mdogo wa kuzuia mtiririko, bwawa la kutulizia maji kabla hayajaingia mtoni, lundo lililofunikwa, na kuliuza vumbi hilo kwa wanaotengeneza kuni za vumbi lililoshindiliwa na mbao za kubandika, ambao wanalihitaji. Hakuna lisilowezekana hapo.

3. Njia za msituni zimefungwa mwaka mzima kwa kazi ya wiki chache

Msitu wa kupandwa hukatwa kwa vitalu. Kitalu kimoja kinavunwa, kingine kinapunguzwa miti, kingine kinapogolewa, na vilivyobaki vimesimama kimya vikikua kwa miaka. Hili mnalijua kuliko mimi. Basi nielezeni kwa nini geti la msitu wote limefungwa kwa mnyororo mwaka mzima.

Zamani watu walitembea humo. Waendesha baiskeli walipita kwenye barabara za kuzuia moto. Wakimbiaji wa shule walifanya mazoezi ya mlimani. Wanaopenda ndege walikwenda alfajiri kwenye mabonde yenye miti ya asili yaliyoachwa kati ya misindano. Leo mlinzi anawarudisha wote kwa neno moja, "uvunaji", hata siku ambazo hakuna msumeno unaolia popote.

Siombi mtu yeyote aachwe aingie mahali miti inapoangushwa. Mti ukianguka unaweza kuruka upande usiotarajiwa, kamba ya winchi ikikatika inaua, na rundo la magogo kando ya barabara linaweza kuporomoka ukilikanyaga. Eneo la uvunaji lazima lifungwe, na lifungwe kwa ukali. Lakini lifungwe hilo.

Wengine wameliweza. Karibu na Rotorua, New Zealand, upo msitu wa Whakarewarewa, wenye miti iliyopandwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo mbao zinavunwa humo. Ndani ya msitu huo huo kuna mtandao wa njia za baiskeli wenye sifa kubwa kiasi kwamba mwaka 2006 mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani yalifanyika pale. Kitalu kikifikiwa na uvunaji, njia zinazopita humo hufungwa au huhamishwa, kazi ikiisha hufunguliwa au hujengwa upya. Mwendesha baiskeli anaona tangazo, anageukia njia nyingine. Lori linapakia, linaondoka.

Uskoti ilitunga sheria mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita kwenye ardhi na maji kwa uwajibikaji, misitu ya mbao ikiwemo. Mwenye msitu anaruhusiwa kuwazuia watu kwa sababu ya usalama, ila anatakiwa kuzuia eneo dogo kadiri inavyowezekana, kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana. Na Finland, nchi ambayo zaidi ya theluthi mbili ya ardhi yake ni msitu na ambayo imejijenga kwa mbao na karatasi, mtu anatembea, anaendesha baiskeli na kuchuma matunda pori na uyoga katika msitu wa mtu mwingine bila kuomba ruhusa. Viwanda vya Finland havijafa kwa sababu hiyo.

Mnayo ramani ya vitalu. Mnayo ratiba ya uvunaji, maana bila hiyo malori yasingejua pa kwenda. Kuitoa ratiba hiyo kwa wananchi na kuibandika getini ni kazi ya asubuhi moja.

4. Malori ya magogo na waenda kwa miguu wanagombania barabara moja

Hili ni fupi kwa sababu halihitaji maelezo. Mlipofunga njia ya ukingoni, mlihamishia watu wote barabarani. Wanafunzi, wazee, waendesha baiskeli na malori yaliyojaa magogo sasa wanatumia barabara moja nyembamba isiyo na njia ya pembeni. Lori lililobeba shehena haliwezi kusimama ghafla. Wakati wa kiangazi vumbi linaziba macho. Madereva wenyewe wanalalamika. Baadhi yao wana watoto wanaotembea barabara hiyo hiyo.

5. Usalama mnaoutaja umewapeleka watoto mahali pa hatari zaidi

Jibu pekee la maandishi tuliloonyeshwa linasema ukingo ulifungwa ili kuzuia watu kufa maji. Naliheshimu jibu hilo, kwa sababu nia yake ni nzuri na hatari ni ya kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021 peke yake, na karibu nusu yao walikuwa na umri wa chini ya miaka 29. Hakuna mzazi anayeishi kando ya mto asiyeliwaza hilo usiku.

Lakini nendeni mkaangalie watoto wanaogelea wapi sasa. Hawakuacha kuogelea. Siku ya joto, mto ukiwa mbele yao, hawataacha. Wamehamia chini, kwenye kizingiti cha zamani kilichojengwa kuinua maji kwa ajili ya magogo, kwa sababu pale hakuna uzio. Kwa juu maji yanaonekana tulivu. Chini ya kizingiti yanajizungusha, yanamrudisha mtu kule kule alikotoka na kumshikilia hapo. Kandokando yake kuna matawi na magogo yaliyonasa: maji yanapita katikati yake, mwili haupiti. Mtu yeyote anayeujua mto atawaambia kwamba hayo mawili ni kati ya mambo yanayoua zaidi, na kwamba hata mwogeleaji hodari hayawezi.

Mlifunga sehemu yenye mchanga na maji ya kina kifupi, mkaacha wazi kizingiti. Sitaki kuandika barua nyingine siku ambayo tutakuwa tumepoteza mtoto pale.

Shirika la Afya Duniani lenyewe linapoorodhesha njia za kuzuia vifo vya maji, halisemi uzio peke yake. Linataja vizuizi penye hatari, ndiyo, na linataja pia kuwafundisha watoto wa umri wa kwenda shule kuogelea na kujiokoa, na kuwafundisha watu wa kawaida namna ya kumwokoa mtu na kumrudishia pumzi. Mahali palipotengwa kwa kuogelea, penye alama ya kina, kamba ya kurushia mtu na mtu mzima aliyefundishwa, panaokoa maisha kuliko bango linalosema MARUFUKU. Bango hilo lipo. Watoto wanatundika nguo zao juu yake.

6. Maamuzi yanafanywa bila sisi

Hatukujua uzio unakuja hadi tulipoona mashimo ya nguzo yamechimbwa. Hapakuwa na mkutano wa wananchi wala tangazo. Azimio la Rio la mwaka 1992, kanuni ya 10, linasema masuala ya mazingira hushughulikiwa vizuri zaidi pale wananchi wote wanaohusika wanaposhiriki, wakiwa na taarifa zilizo mikononi mwa mamlaka. Elinor Ostrom alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kazi ya miaka mingi iliyoonyesha kwamba misitu, maji na maeneo ya uvuvi yanayotumiwa kwa pamoja yanaweza kutunzwa vema na watumiaji wenyewe wakishiriki kuweka kanuni na kusimamiana. Huku kwetu mvuvi anayeujua kila mkondo wa mto huu hajawahi kuitwa kwenye meza yoyote.

Waheshimiwa, najua mtakayosema, kwa sababu mengine mmeshayasema mkiwa mnapita kwenye korido.

Mtasema: tukiufungua msitu utaungua. Moto ni jambo kubwa, na ni kweli kwamba moto mwingi wa misitu huanzishwa na watu. Lakini ruhusa ya kupita si ruhusa ya kuwasha moto. Kule Finland nilikokutaja, anayetembea msituni kwa uhuru wote huo haruhusiwi kuwasha moto kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa ya mwenyewe, na tahadhari ya moto ikitangazwa moto wa wazi unapigwa marufuku kabisa. Fungeni msitu siku za upepo na ukavu mkali. Tutakaa nyumbani bila kulalamika. Na moto ukianza, wa kwanza kuuona atakuwa yule anayepita kwa baiskeli, ambaye leo mmemzuia getini.

Mtasema: magogo yataibiwa. Magogo hayaibiwi na mtu aliyebeba ndoano. Yanaibiwa usiku, kwa gari, na mtu anayejua geti lina mlinzi gani. Msitu wenye watu wema wanaopita kila siku ni mgumu zaidi kuibiwa kuliko msitu mtupu.

Mtasema: hakuna fedha. Sehemu kubwa ya ninayoyaomba hayahitaji fedha bali uamuzi. Kusogeza uzio kunahitaji fedha, nakiri. Wakazi tuko tayari kutoa nguvu kazi, na katika mji wa mbao hakuna uhaba wa mafundi wa kujenga ngazi, madaraja madogo na mabenchi kwa mabanzi ambayo kiwanda kinayatupa.

Na mtasema lile kubwa: mji huu unaishi kwa mbao, burudani ni anasa. Hapa nawapinga kwa nguvu zangu zote. Mto Kennebec, katika jimbo la Maine nchini Marekani, ulibeba magogo ya viwanda kwa vizazi. Mwaka 1971 bunge la jimbo likaamua usafirishaji wa magogo mtoni ukome, na mwaka 1976 ukawa wa mwisho. Mwaka huo huo wa 1976 watu walianza kushuka na abiria kwenye mashua za mpira katika maji yake ya kasi, na shughuli hiyo inaendelea hadi leo. Kwenye Mto Klarälven nchini Sweden magogo yaliacha kuelea mwaka 1991; sasa wageni wanajifunga wenyewe mashua za magogo kwa kamba na kuelea nazo kwa siku kadhaa. Oakridge, mji mdogo wa Oregon kando ya tawi la Mto Willamette, uliishi kwa mbao hadi kiwanda chake kikubwa kilipofungwa, na kilichoupa jina jipya ni njia za baiskeli za msitu unaouzunguka. Mwaka 2022 UNESCO iliiweka kazi ya kuelea na magogo, kwa maombi ya nchi sita za Ulaya, kwenye orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Yaani ujuzi wa wazee wetu wa mtoni, wa kufunga magogo na kuyaongoza kwa mti mrefu, dunia inauheshimu. Hapa hakuna mtoto anayeweza hata kuonyeshwa, kwa sababu hafiki majini.

Sina haja ya kusubiri kiwanda kife ndipo mto ufunguliwe. Miji hiyo iligundua thamani ya mto wake baada ya kupoteza mbao. Sisi tuna vyote viwili kwa sasa. Vijana wanaouhama mji huu hawasemi tu kwamba kazi hakuna. Wanasema hakuna cha kufanya kazi ikiisha. Fundi mzuri wa msumeno akiondoka na familia yake kwa sababu watoto wamekosa pa kucheza, hasara hiyo ni ya kiwanda.

Kwa hiyo ninayoyaomba, kwa niaba yangu na ya wakazi walionituma, ni haya.

Uzio wa uwanja wa magogo usogezwe nyuma kutoka majini, ibaki njia ya umma ya kutembea kuanzia darajani hadi kwenye mchanga, yenye upana wa kupitisha kiti cha magurudumu na mtu aliyebeba mtumbwi. Kama sheria ya eneo la hifadhi ya mto inataka umbali mkubwa zaidi, ifuatwe sheria.

Kiwanda kizuie maranda, magome na maji machafu yasiingie mtoni, na maji yapimwe juu na chini ya kiwanda na mtu asiye mwajiriwa wake. Oksijeni, tope na kemikali za dawa ya nguzo ziwemo kwenye vipimo, na matokeo yabandikwe hadharani hata yakiwa mabaya.

Msitu ufunguliwe, isipokuwa vitalu vilivyo kwenye uvunaji na siku za hatari ya moto. Ratiba ya uvunaji itangazwe kila mwezi getini, shuleni na ofisi ya mji, ikiwa na ramani ambayo mtu wa kawaida anaweza kuisoma.

Kizingiti cha zamani kifungwe mara moja. Hili halingoji mengine. Mahali salama pa kuogelea patengwe kwenye mchanga, pawekwe kamba na maboya ya kuokolea, na shule zisaidiwe kuanza kufundisha kuogelea.

Iundwe kamati ya mto na msitu ambamo wamo wavuvi, waendesha baiskeli, walimu, wazazi, madereva wa malori na wafanyakazi wa kiwanda, na isiwe ya kupewa taarifa baada ya uamuzi kufanyika.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likisema kwa kila ombi: limekubaliwa, limekataliwa, au linahitaji muda gani. Kukataliwa kwa sababu iliyoandikwa ni heshima kubwa kwetu kuliko ukimya. Siku hizo zikipita bila jibu, tutapeleka suala hili kwenye ngazi iliyo juu yenu, pamoja na nakala zote zilizogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kuhusu kizingiti, hatutasubiri siku 30. Jumamosi hii wazazi tutakwenda kukizungushia kamba na vitambaa vyekundu kwa mikono yetu. Tunawaomba mtume mtu mmoja aje na ufunguo wa geti ili tupitishe nguzo.

Wenu katika kuujenga mji,

Mkazi wa mji wa mbao,
kwa niaba ya wakazi wa ukingoni.

Nakala: Mbao za matangazo za ofisi ya mji, shule, kituo cha afya na geti la kiwanda.